Gauni la jezi la mistari: namna ya kulikata na kulishona nyumbani

Wanaoanza kushona jezi huuliza maswali yale yale. Inashoneka bila ovaloki, yaani mashine ya kukata na kufunga kingo za kitambaa? Kwa nini mistari ya ubavuni imepishana wakati vipande vilikatwa sawasawa? Kwa nini pindo linapiga mawimbi? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo: cherehani ya kawaida ya nyumbani inatosha, ilimradi sindano iwe ya aina inayofaa. Mawili yaliyobaki yanajibiwa huko chini, na mengi ya majibu yako kwenye kukata kuliko kwenye kushona.

Jezi tunayoizungumzia hapa ni kitambaa cha fulana, kile kilichofumwa kwa vitanzi na kinachovutika ukikivuta kwa upana.

Gauni lenyewe lina vipande vitatu tu: mbele, nyuma na utepe wa shingo. Halina zipu, vifungo wala bitana. Bega tunalirefusha kidogo ili lifunike mwanzo wa mkono, hivyo hakuna mikono ya kuunganisha. Hilo ni la makusudi. Mkono wa kuunganisha huwasumbua wengi, na kwenye kitambaa cha mistari huwasumbua hata wazoefu. Shona hili kwanza, mikono itakuja kwenye gauni la pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambaa cha jezi, mita 1.5, chenye upana wa sentimita 150. Kiasi hiki kinatosha gauni la urefu wa magoti. Ikiwa upana wa pindo la mbele na la nyuma kwa pamoja unazidi upana wa kitambaa, chukua mita 2.5.
- Uzi wa poliesta. Uzi wa pamba tupu hukatika nguo inapovutika.
- Sindano za cherehani za jezi, namba 80. Kwenye paketi tafuta neno Jersey au Stretch. Ncha yake ni butu kidogo, inapita katikati ya nyuzi bila kuzikata.
- Sindano pacha ya jezi, yaani sindano mbili kwenye shina moja, yenye nafasi ya milimita 4, kwa ajili ya pindo. Si lazima.
- Pini nyembamba nyingi, 40 au zaidi.
- Mkasi mkali wa kitambaa, chaki, futikamba na rula ndefu.
- Karatasi kubwa ya kuchorea. Gazeti linafaa, ila wino wake huchafua mistari myeupe.
- Utepe mwembamba wa pamba wa milimita 6, sentimita 40, wa kushikilia mabega.
- Utepe wa gundi ya pasi (unaogandisha kitambaa ukipigwa pasi) wa upana wa sentimita 1 hadi 2, kama mita 2.5.
- Pasi, na kitambaa chembamba cha kuweka katikati.

Kuhusu kuchagua jezi. Inayofaa kwa anayeanza ni ya pamba yenye spandeksi kidogo (nyuzi zinazovutika na kurudi), karibu asilimia 5, na uzito wa gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo inajikunja kingo na kuonyesha kilicho ndani. Pima mvuto wake: shika sentimita 10 kwa upana, vuta bila kulazimisha. Ikifika 13 au zaidi, chukua. Isipofika, gauni litapita kichwani kwa shida.

Halafu itazame mistari kwa nyuma. Ikionekana pande zote mbili, imefumwa ndani ya kitambaa na inafuata mfumo wake. Ikionekana upande mmoja tu, imechapwa juu, na mara nyingi imechapwa kombo. Jezi ya namna hiyo iache dukani: ukifuata mistari gauni litajipinda mwilini, ukifuata mfumo wa kitambaa mistari itapanda upande mmoja.

Kwa gauni la kwanza chagua mistari ya upana wa sentimita 1 hadi 2, inayopokezana rangi mbili. Mistari ya milimita 3 inachosha macho wakati wa kubana pini, na ukikosea kwa upana wa mstari mmoja hutagundua mpaka umalize.

Hatua

1. Fua kitambaa kabla ya kukigusa kwa mkasi. Kifue jinsi gauni litakavyokuwa likifuliwa, kisha kianike kikiwa kimelazwa au kimekunjwa juu ya kamba, si kwa kubanwa pembe mbili. Jezi ya pamba husinyaa zaidi kwa urefu. Ukiruka hatua hii, gauni la magotini litakuwa la juu ya magoti baada ya ufuaji wa kwanza. Piga pasi kwa kubonyeza na kuinua, usiiburute.

2. Tambua upande wa nje. Ukitazama kwa karibu, upande wa nje una safu za herufi V ndogo zinazopanda, na upande wa ndani una vijivimbe vya kulala. Kama macho hayasaidii, vuta kwa upana ukingo uliokatwa: utajikunja kuelekea upande wa nje. Weka alama ya chaki upande wa ndani.

3. Chora karatasi ya kukatia. Mfano huu ni wa kifua cha sentimita 96 na nyonga za 104. Weka vipimo vyako mahali pake. Kunja karatasi katikati, mkunjo ndio mstari wa kati wa mwili, kisha chora nusu:

   - Urefu kuanzia bega la shingoni hadi chini: 95.
   - Upana wa shingo kutoka kwenye mkunjo: 9.5. Kina cha shingo ya mbele: 11. Kina cha nyuma: 3.
   - Ncha ya bega: 24 kutoka kwenye mkunjo, na ishuke 4.5 chini ya usawa wa shingo.
   - Kwapa: 24 chini ya usawa wa shingo. Upana hapo ni kifua gawanya kwa nne, ongeza 1.5. Yaani 24 + 1.5 = 25.5.
   - Nyonga: kama 60 chini ya usawa wa shingo. Upana ni nyonga gawanya kwa nne, ongeza 2. Yaani 26 + 2 = 28.
   - Pindo: upana wa nyonga ongeza 5, yaani 33.

   Unganisha alama. Mstari wa ubavuni upite kwa ulaini, bila kona kwenye nyonga. Hakikisha shingo inakutana na mkunjo kwa pembe mraba, la sivyo shingo itatokea na ncha ya V katikati. Sasa ongeza akiba ya mshono, yaani ziada ya nje ya mstari wa kushona: 1 shingoni, begani na ubavuni, 2 kwenye uwazi wa mkono, 2.5 kwenye pindo. Kata karatasi ikiwa bado imekunjwa, ifungue upate kipande kizima. Mbele na nyuma vinatofautiana shingo tu, kwa hiyo kata kwanza shingo ya nyuma isiyo na kina, na uichore ile ya mbele kwa rangi nyingine.

   Ile 5 ya kupanua pindo usiizidishe. Gauni linalopanuka sana linataka pindo la kupinda kama mwezi, na pindo la kupinda hukata mistari: katikati unaona mstari mzima, ubavuni umekuwa kamba. Ukibaki kwenye 5 au chini yake, unakata pindo moja kwa moja kwa kufuata mstari, na tofauti ya ubavuni haifiki nusu sentimita.

4. Kata kipande cha mbele. Tandaza kitambaa tabaka moja, upande wa nje juu, chote kikiwa mezani au sakafuni. Kinachoning'inia kinavuta kilichobaki. Usikate kikiwa kimekunjwa mara mbili. Tabaka la chini hulioni, na mistari yake huwa imesogea. Weka karatasi ili mstari wake wa kati uwe mraba na mistari ya kitambaa, na mahali pindo litakapokunjwa pawe mpakani mwa rangi mbili, ili chini pamalizike na mstari kamili. Shikilia kwa vitu vizito, chora, shingo ukifuata ile ya mbele, ondoa karatasi, kata.

5. Kata cha nyuma kwa kutumia cha mbele. Chukua kipande ulichokata, kilaze juu ya kitambaa kilichobaki, pembeni ya kilipotoka, upande wa nje juu. Kisogeze mpaka mistari yake iingie kwenye mistari ya chini. Ikikaa sawasawa, kipande kinapotea machoni: unaona mistari inapita tu, ukingo huuoni mpaka uupapase kwa kidole. Hapo ndipo penyewe. Bana pini, chora pembeni, kisha kwa shingo tumia karatasi yenye shingo ya nyuma. Mistari ikiwa ya rangi tatu au ya upana tofauti, angalia mpangilio usiwe umegeuka juu chini.

   Kwa njia hii kwapa la mbele na la nyuma vinaangukia mstari ule ule, na kutoka hapo kushuka mistari yote inakutana. Jezi ikijikunja kingo, ibonyeze kwa pasi kabla ya kuchora.

6. Kata utepe wa shingo. Pima shingo kwenye mstari wa mshono, yaani sentimita 1 ndani ya ukingo, futikamba ikiwa imesimama kwa ubavu wake ili ifuate mzunguko. Kwa vipimo vya mfano utapata karibu 53. Zidisha kwa 0.85: 45. Ongeza 2 za mshono: 47. Kata utepe wa urefu huo kwa upana wa kitambaa, mahali kinapovutika, na upana wa sentimita 5. Ukikatia jezi ya mistari, rangi itakayoonekana shingoni ni ile iliyo kati ya mkunjo na mshono, kwa hiyo kunja kwanza uone. Utepe wa jezi ya rangi moja hupendeza zaidi na hausumbui.

   Kabla ya kushona, bana ncha zake kwa pini na uupitishe kichwani. Usipopita sasa hautapita baadaye.

7. Andaa cherehani. Weka sindano mpya. Jaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, polepole, kwani uzi wa poliesta ukikimbizwa huvutika, halafu hunywea ndani ya mshono na kuufinya. Chagua zigizaga (mshono wa kwenda kushoto na kulia) nyembamba: upana milimita 0.5 hadi 1, urefu 2.5. Kama cherehani yako ina skrubu ya kupunguza mkandamizo wa mguu (kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano), ilegeze kidogo. Shona sentimita 15 kwenye mabaki, tabaka mbili, kwa upana wa kitambaa. Vuta. Uzi ukikatika, ongeza upana wa zigizaga au legeza mkazo wa uzi. Mshono ukitoka umejikunja kama jani la lettusi, mkandamizo ni mkubwa au mkono wako unavuta.

   Cherehani inayoshona mstari mnyoofu tu nayo inafaa: weka urefu wa 2 hadi 2.5, na ukishona nyoosha kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya sindano kwa mikono yote miwili. Pindo lishone kwa mkono.

8. Shona mabega. Weka mbele na nyuma uso kwa uso, bana, laza utepe wa pamba juu ya mstari wa mshono, shona kupitia vyote. Bega ndilo linalobeba uzito wa gauni zima. Bila utepe huo litavutika na kushuka. Anza nusu sentimita ndani ya ukingo, shikilia ncha za nyuzi, la sivyo meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa kutoka chini, yatakimeza.

9. Weka utepe wa shingo. Unganisha ncha zake kuwa duara, ukunje kwa urefu upande wa ndani ukiwa ndani, bonyeza pasi. Gawanya utepe sehemu nne sawa kwa pini. Gawanya na shingo sehemu nne sawa. Wengi hukosea hapa kwa kudhani mishono ya mabega ndiyo robo. Sivyo. Shingo ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo robo inaangukia mbele ya mshono wa bega, kama sentimita 3 kwenye mfano wetu. Ili kuipata, kutanisha katikati ya mbele na katikati ya nyuma, na kule shingo inapojikunja pembeni ndiko robo iliko. Ukitumia mabega, shingo ya nyuma itajikunyata na ya mbele itaachia.

   Kutanisha robo kwa robo, mshono wa utepe ukiwa katikati ya nyuma. Shona kwa akiba ya 1, utepe ukiwa juu, ukiuvuta ulingane na shingo. Utepe ndio unaovutwa, shingo inalala tu. Punguza akiba ibaki milimita 6, ilaze kuelekea kwenye gauni, piga pasi kwa mvuke. Shingo ambayo ilikuwa imesimama italala.

10. Kunja uwazi wa mikono ukiwa bado bapa. Pitisha gundi ya pasi, kunja 2, bonyeza, shona 1.5 kutoka ukingoni. Ukisubiri mpaka ubavu umeshafungwa, utakuwa unazungusha duara dogo chini ya mguu wa cherehani.

11. Funga ubavu. Chukua muda wako wote hapa. Anza kwapani: pini ya kwanza kwenye ukingo wa mikono, ya pili kwenye mpaka wa mstari wa kwanza, na kuendelea, pini moja kwa kila mstari. Ichomeke pini kwenye mpaka wa rangi upande wa juu, geuza utazame imetokea wapi chini. Ikitokea katikati ya mstari, ichomoe urudie. Sababu ya ukali huu ni kwamba meno ya cherehani huvuta tabaka la chini huku mguu ukichelewesha la juu. Bila pini, ukifika pindoni la juu limebaki refu kwa sentimita nzima.

    Piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda, kwa mkono au kwa mshono mrefu wa cherehani. Fungua, tazama. Tofauti ya milimita 1 haionekani mtu akitembea, ya 3 inaonekana. Fumua palipokosewa tu, bana upya. Ukiridhika ndipo upitishe zigizaga. Kufumua zigizaga kwenye jezi huacha vitundu, kwa hiyo usiruke bandi. Chomoa kila pini kabla haijafika kwenye sindano.

    Jezi haitoki nyuzi, hivyo ovaloki si lazima. Ukitaka ndani pawe nadhifu, piga zigizaga pana ya milimita 4 kwenye akiba.

12. Litundike gauni usiku mmoja. Jezi hushuka kwa uzito wake, na heri ishuke kabla ya pindo kuliko baada.

13. Kunja pindo. Hapa mistari inakulipa: fuata mpaka wa rangi pande zote na huhitaji rula. Likunje 2.5, ligandishe kwa gundi ya pasi, kisha shona kutokea upande wa nje kwa sindano pacha, nyuzi mbili juu na bobini moja chini, urefu wa 3. Sindano pacha ni ya mshono mnyoofu tu. Ukiisahau cherehani kwenye zigizaga, sindano itagonga chuma na kuvunjika karibu na macho yako. Zungusha gurudumu kwa mkono mara moja kabla ya kukanyaga. Huna sindano pacha? Zigizaga ya upana 1.5 na urefu 3 inatosha. Chagua uzi wa rangi ya mstari ambao mshono unapita juu yake.

Mambo yakienda kombo

*Cherehani inaruka mishono.* Karibu kila mara ni sindano. Badilisha. Kama ni mpya na bado inaruka, jaribu ya Stretch namba 75, hasa kwenye jezi yenye spandeksi nyingi.

*Vitundu vidogo kando ya mshono.* Sindano yenye ncha kali imekata vitanzi. Vitundu havizibiki, na vikivutwa vinakua. Ili viingie ndani ya akiba, hama: shona mstari mpya milimita 3 ndani zaidi.

*Mshono unapiga mawimbi.* Kabla ya kufumua, weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu yake, bonyeza pasi ya moto, acha papoe bila kugusa. Mawimbi mengi hunywea. Yasiponywea, kitambaa kilivutwa wakati wa kushona.

*Shingo inaachia mbele.* Utepe ni mrefu. Fumua, punguza sentimita 2, rudia. Shingo ikijikunyata hata baada ya pasi, utepe ni mfupi mno. Kata mwingine wa 0.88 au 0.9 ya shingo, maana huo wa kwanza hauongezeki.

*Pindo limevimba kama bomba kati ya mishono miwili.* Mkazo wa uzi ni mkubwa kwa sindano pacha. Legeza wa juu kwanza, na uhakikishe gundi ya pasi imeshika.

*Mistari inakutana kwapani, inapishana chini.* Tabaka la juu limesukumwa. Fumua kuanzia inapoanza kupishana, si mshono wote, kisha bana pini kila mstari. Safari hii geuza gauni, kipande kilichobaki kirefu kiwe chini, upande wa meno.

*Mistari inapanda upande mmoja mbele, ingawa ubavu unakutana.* Karatasi haikuwekwa mraba wakati wa kukata. Hili cherehani haliwezi kulitibu. Kipande kikiwa na nafasi, kikate upya kiwe blauzi, na mabaki uyaweke kwa majaribio ya sindano pacha.